Mruhusu Somo Yako Alie

Mama yangu, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Kaka Shabani alinipigia kutoka Columbus akasema umeanza tena kwenda shambani. Nikacheka peke yangu kwenye basi, maana wewe hata ukifungwa kamba utakwenda. Sisi hapa Louisville hatujambo. Baba Mwanaidi bado yuko ghalani, anapakia mizigo zamu ya jioni. Anarudi amechoka hoi, lakini mzima. Mjukuu wako Mwanaidi, somo yako uliyempa jina lako, naye mzima, na yeye hasa ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kwenye simu siwezi kusema, kwa sababu huwa ameniganda ubavuni, na huko kwako simu ikilia nyumba nzima inasikiliza. Barua hii anakuletea jirani yetu Mama Salma, anakuja likizo. Vaa miwani uisome mwenyewe, tafadhali, usimpe mjomba.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi ya kumtunza mwanamke mzee, hapa hapa South End tunakokaa? Anaitwa Bi Marta. Namwogesha, nampikia, nampa dawa zake za presha. Akili zake timamu, ila ana mambo yake huyo! Ujanani alisomea elimu moja inaitwa ogonomia, na mpaka leo hajaiacha. Wanasema kuna nguvu ya uhai imejaa hewani na ndani ya kila kiumbe, hata rangi yake wanaijua, eti ya buluu. Kwenye gereji yake kuna sanduku refu la mbao, ndani limepigwa bati, ukiliona utadhani choo cha shimo kimepotea njia. Unaketi humo ili ile nguvu ikuingie. Nimeketi, mama, kwa nini nisiketi? Nikapata joto na usingizi basi. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, na dawa za presha nikampa kama kawaida.

Lakini elimu hiyo ina upande wa kulea watoto, na huo umenikaa kichwani. Anasema mtoto akikatazwa kulia na kukasirika, hubana pumzi, hukaza taya na mabega, na akishazoea, mwili wake unafanya gamba kama la kobe. Gamba linamkinga asiumie, ila na furaha nayo haipiti. Watu wazima wenye magamba, anasema, ndio wanaoogopa uhuru wao wenyewe, akitokea mtu wa kuwafokea wanamfuata. Hapo nilimwambia umezidisha, watu wanawafuata wakubwa kwa sababu nyingi, njaa ikiwemo. Akaendelea kwamba mtoto apakatwe, anyonye akitaka, alale akisinzia. Nikamuuliza, sasa hiyo nayo ni ya kwenda kusomea? Mama yangu alinibeba mgongoni kwa kanga na kuninyonyesha kila nilipolilia, na hajawahi kuingia sandukuni. Alifurahi kweli, akaniambia nikusalimie kama mwalimu mwenzake. Tuligombana kwenye shikamoo tu. Yeye anaona mtoto asilazimishwe kuamkia. Nikasema kwangu shikamoo haina mjadala, na sasa Mwanaidi anampa ya kwake, naye amejifunza kuitikia marahaba.

Juzi juzi shule ilifungwa kwa ajili ya theluji, nikaenda naye kazini. Bi Marta alikaa anamtazama akichora, kisha akaniita pembeni akaniuliza kama mtoto huyu hulia. Nikajibu kwa kujidai kwamba tangu atoke kwako aje kwetu hajalia hata mara moja, bibi yake kamlea vizuri.

"Hapumui mpaka chini," akasema. "Mwangalie mabega."

Nilinuna, mama. Nikaona sasa huyu anataka kututafutia magamba na sisi. Nikamvalisha mtoto koti tukaondoka.

Basi tulipofika nyumbani nikafunga mlango wa gari bila kuangalia, na kidole chake kilikuwa pale. Nikapiga kelele mimi. Yeye hakutoa sauti. Alikaza midomo, mabega yakapanda mpaka masikioni, macho makavu, pumzi ameishika. Halafu akaniambia, "Samahani, mama." Kidole kimevimba, kinatoka damu, na yeye ndiye anayeomba samahani. Nilipiga magoti kwenye theluji nikamuuliza kwa nini halii.

"Bibi alisema nikilia mtanirudisha," akanijibu. "Hata bibi mwenyewe hakulia uwanja wa ndege."

Mama, sikulaumu. Tangu aachishwe ziwa ulikuwa naye wewe, sisi huku tunahangaika na makaratasi, na siku ya kumtoa ulitaka apande ndege bila kuchanika moyo. Najua na wewe ulikuwa umejishika. Ila roho inaniuma. Mtoto ameishi kwangu miezi yote hii kama mgeni anayeogopa kufukuzwa, na mimi nikawa namsifia kwa majirani.

Kidole kimepona. Nilimkumbatia nikamwambia hakuna anayerudishwa kwa kulia, hapa ni kwao. Baba yake naye kamwambia. Anaitikia haya, kwa adabu zote, lakini halii. Juzi nilimuuliza tena, akaniambia polepole, "Bibi hajasema." Sasa unaona. Mambo ya nguvu ya buluu nimemwachia Bi Marta, lakini hili la mabega nimeliona kwa macho yangu, na anayeweza kuyashusha ni wewe.

Jumapili tukipiga, naomba mwite somo yako, mwambie kwa sauti yako kwamba anaruhusiwa. Nitampa simu niende jikoni, nifunge bomba nisikie.

Nisalimie dada Zuhura na mumewe, na mjomba, asikasirike kwa habari ya miwani. Shangazi mwambie kanga alizoagiza niwafungie watu wa Buffalo zimefika, wamezipenda.

Na wewe, mama, kama Jumapili machozi yatakujia, usijizuie, mwache akusikie. Akianza kulia, usikate simu.

Mwanao,
Rehema