Mguu wa Kaa Uliobaki

Mjukuu wangu Mwanasha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Jambo hili sijamwambia mtu: tangu nimalize shule, kuna siku ninazungumza na karatasi tu.

Huku Munje sote tu wazima. Mama anasuka ukili wa mkeka na kunicheka, "Huyu ataolewa na karatasi!" Nami, kwa kuwa nimerithi jina la bibi yetu, bado naitika wewe, binamu yangu, ukiniita Bibi, ingawa sijafika miaka ishirini.

Umeuliza nilivyomkunja yule kaa wa karatasi kwa kufuata mchoro wa mistari ya mikunjo. Mwanzo nilikosea. Nilianzia pembeni, mkunjo mmoja mmoja, kama Mama anavyosuka ukili, na karatasi ikakataa. Kumbe mistari yote hutiwa alama kwanza, kisha mikunjo hufungwa kwa pamoja, na hapo mikono miwili haitoshi. Upande mmoja niliubana kwa vibanio vya nguo, mwingine kwa kidevu. Nilitamani ungekuwapo ushike.

Kaa amesimama, ila mguu mmoja sijaukunja. Nimewaambia watu karatasi haikutosha. Imetosha. Nimekuachia wewe, ukija likizo. Tafadhali usimwambie Mama.

Bibi yako,
Mwanamisi