Gauni la Ukurasa wa Kwanza

Mikelenge, Jumanne usiku.

Wala sikukasirika. Nilishangaa tu jinsi mwalimu mstaafu anavyoweza kuwa mjinga mchana kweupe.

Jana Mama Furaha aliniomba nimwachie katalogi ya magauni, achague polepole. Nikamwachia. Tangu mfanyabiashara mmoja wa Butembo anikabidhi katalogi yake nizunguke nayo nyumba kwa nyumba, sijauza hata gauni moja, na bati la jikoni linavuja.

Leo nimemkuta amevaa gauni la ukurasa wa kwanza, ila la kitenge chenye picha za kuku.

"Mama, umelipata wapi?"

"Papa Mwalimu, njo ile ya kitabu yako! Fundi aliangalia picha, akashona."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba katalogi ni ya kuagizia nguo. Alinisikiliza kwa heshima, akanimiminia chai.

Mara fundi akaingia mbio. "Papa, usirudishe kile kitabu! Tembeza tu, watu wachague, ulete kwangu. Tutagawana."

Nilitaka kukataa. Nikakumbuka bati.

Jioni nimempata mteja wa kwanza: mke wa yule mfanyabiashara mwenye katalogi, anayeishi hapa Mikelenge. Amechagua gauni la ukurasa wa tano, akaninong'oneza, "Mwalimu, bwana yangu asijue."