Besi ya Marehemu Mutua

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Kazini, kurudi nyumbani Makongeni, chai, kompyuta. Siku ya kumi na mbili. Programu yangu ya kuigiza kompyuta ya zamani ya marehemu Mutua, mwalimu wetu wa kwaya, imekwama palepale. Mashine yenyewe iliungua. Zimebaki disketi, na ndani yake wimbo wake wa mwisho ambao hatujawahi kuusikia. Mjane wake, Mama Nduku, anautaka kwenye ibada ya kumbukumbu Jumapili. Nilimwahidi. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepaona. Mutua alitumia amri ambayo kitabu cha maelezo ya prosesa yake hakiitaji kabisa. Inasogeza biti zote, zile sifuri na moja, kushoto. Nafasi inayobaki mwishoni ijazwe nini? Nimeweka sifuri. Wimbo umefunguka. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatano, 6 Novemba
Mazoezi. Otieno, anayetuongoza sasa, aligawa karatasi za solfa nilizochapa. Ovyo kabisa. Sauti nne zinagombana. Mama Nduku alitoka nje. Nimeona haya.

Alhamisi, 7 Novemba
Kitabu kimya, mashine imekufa. Lakini akina mama wa alto wamekariri nyimbo zake za zamani. Nimefungua mmoja kutoka disketi zilezile, nikawapitia waniimbie sehemu yao, mimi nafuata kwenye karatasi. Do zimepotea, mi zimekuwa re, so zimekuwa fa. Kwenye mashine do ni 1, re ni 2, mi ni 3, hivyo hivyo; kila noti iliyokosewa imepungua kwa moja. Basi nafasi ile hujazwa moja, si sifuri. Nimebadilisha. Sasa noti zote zinalingana.

Ijumaa, 8 Novemba
Wimbo wa mwisho ni mzuri. Ila ubeti wa pili besi inashuka mno, na sisi waimba besi hatufiki huko. Nikashuku programu. Nimeipima mara tatu, haina kosa.
Otieno: "Buda, pandisha tu hiyo. Nani atajua?"
Kazi ya dakika mbili. Nikampelekea Mama Nduku karatasi kwanza. Aliisoma polepole.
"Hapo alijiandikia mwenyewe," akasema. "Ni yeye tu alikuwa anafika."
Sijagusa kitu.

Jumapili, 10 Novemba
Tumeimba. Ubeti wa pili sisi wa besi tulinyamaza mistari miwili, karatasi mkononi. Sauti tatu ziliendelea. Mama Nduku alifumba macho, akawa anaitikia kwa kichwa.
Mwaka mzima sikuwa nimemlilia Mutua. Leo nimemlilia. Halafu tukanywa chai.