Jinsi Raya alivyopata uji wa skuli

Alhamisi. Mvua.

Imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa, jioni, haijapumzika. Duka halina mtu. Masika yakiingia wageni huondoka, na wageni wakiondoka haji mtu hapa Mkunazini kusoma barua pepe zake, isipokuwa wanafunzi wawili watatu wanaogawana kompyuta moja. Tajiri wangu amekwenda kusali na hajarudi. Ameniruhusu kuandika mambo yangu pakiwa patupu, mradi nisimalize karatasi zake.

Sijui nnamwandikia nani. Nyumbani siwezi kusema, basi nasema hapa.

Raya ni mwanangu wa pekee, yuko darasa la pili. Tunakaa Michenzani, ghorofa ya juu ambako maji hayapandi, mimi na yeye na mama mkwe wangu, Bi Zuwena. Mume wangu, Nassor, alikwenda Maskati kutafuta kazi Raya akiwa bado ananyonya. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, na mtu akija kutoka huko hakosi kuja na mfuko wetu. Baadaye simu zikawa za Idi kwa Idi. Mwisho zikakatika. Nilijiambia kazi imemwia ngumu na aibu imemshika, maana mwanamme asiye na kitu hupenda kunyamaza. Watu wakiniuliza habari zake nilikuwa nikijibu hajambo, anakusalimuni.

Tukiishi kwa mshahara wangu wa hapa dukani. Masika haya tajiri kanipunguzia siku, akaniambia nivumilie mpaka wageni warudi. Simlaumu, na yeye ana watu wake. Lakini nyumbani chai ya asubuhi ikawa ya rangi, mkate ukawa nusu, kisha mkate wenyewe ukawa haupo. Mchana tukila muhogo, na jioni tukila kilichobaki cha mchana kama kimebaki.

Bi Zuwena akisema hana hamu ya kula. Mtu akifika umri wake, akisema, tumbo linakuwa dogo.

Nilijifanya nnaamini.

Siku moja mwalimu wa Raya aliniita. Ni msichana mdogo, sauti yake ya chini, na alifunga mlango kabla ya kusema. Alinambia Raya analala darasani, na si usingizi wa uvivu. Kila asubuhi, somo la pili likianza, anaweka kichwa juu ya dawati na hawezi kukiinua. Akaniuliza mtoto anakula nini kabla ya kuja. Nikasema chai na mkate. Akaniangalia, hakunibishia, akaanza kunieleza habari za uji.

Nilikuwa nikisikia tu kwamba pale skuli panapikwa uji, nikidhani ni wa watoto wa chekechea. Kumbe unga na mafuta huletwa na wafadhili, sufuria hutiwa motoni kila asubuhi, lakini haviwatoshi watoto wote, kwa hivyo huchaguliwa wenye shida zaidi. Mzazi huanza kwa sheha, mkuu wa mtaa, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anakaa wapi na anaishi vipi. Sheha akiridhika huwaambia kamati ya skuli, na kamati hulileta jina mbele ya mkutano wa wazazi ili asije mtu akasema pamefanywa upendeleo. Mtoto akishapokelewa, aje na bakuli lake na kijiko. Mzazi anatoa kuni na anaingia zamu ya kupika na kuosha sufuria.

Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu mimi sikuyajua, na pengine yuko mama mwengine hayajui. Hakuna mtu anayekuja kukugongea mlango kukuuliza kama mwanao ameshiba. Lazima uende ukaulize mwenyewe.

Sikumwambia Bi Zuwena.

Nieleze kwa nini. Baba yake alikuwa na mashamba ya karafuu na nyumba kubwa Mji Mkongwe, na siku za Idi kwao pilau ikipikwa ya mtaa mzima. Mapinduzi yalimkuta yeye bi harusi, mume hata hajamzoea. Mashamba yakenda, nyumba ikenda, na yeye akaletwa Michenzani kama watu wengine. Alichobaki nacho ni kutokunyoosha mkono. Jirani yetu wa chini, Mama Furaha, ambaye wazee wake walikuja kutoka Bara na yeye mwenyewe anauza maandazi, aliwahi kutuletea sahani ya yaliyobaki. Bi Zuwena alimshukuru vizuri. Kabla jua halijachwa alimrudishia sahani ile na ndimu juu yake, kwa sababu kwao sahani hairudi tupu. Sisi ndani hatukuwa na kitu, ndimu zile na chumvi ndizo tulizokuwa tukilia muhogo.

Nikenda kwa sheha peke yangu. Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema Maskati. Akatabasamu kama mtu aliyezoea kudanganywa. Alinambia wenye watu Arabuni hawamo kwenye orodha yake, maana akianza kuwatia hao, wa kwake wasio na mtu popote atawapeleka wapi? Mwambie mumeo amkumbuke mwanawe, akanambia.

Nilishuka ngazi za barazani pale nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haina wa kumwendea. Alichosema kilikuwa haki. Angekuwa kweli yuko mtu Arabuni anayetuletea, kingekuwa haki.

Ni Mama Furaha aliyenambia kwamba jibu la sheha si mwisho. Mzazi anaweza kusimama mwenyewe mkutanoni akasema hali yake, na wazazi wenzake wakaamua. Yeye alifanya hivyo mumewe alipoanguka kazini, na Furaha akapata. Alinambia, "Simama useme. Usiposema wewe, watakusemea wao."

Mkutano ulikuwa juzi, Jumanne, ndani ya darasa. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu, mvua inapiga mabati hata mwenyekiti akalazimika kupaza sauti. Alisema nafasi iliyopo ni moja tu, ya mtoto aliyehamishwa kwenda Pemba. Likaitwa jina langu, nililoliandikisha nilipoingia.

Nikasimama. Nilisema jina la mwanangu na darasa lake, nikasema kazi yangu imepungua. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, wala hakunong'ona, mumewe si yuko Maskati? Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti si mtu mbaya, aliniuliza kwa upole kama kweli yuko huko. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama analeta matumizi.

Kusema haleti, mbele za watu wale, ni kusema nimeachwa juu ya mti, si mke si mtalaka. Mwanangu ana njaa, na mimi nnatafuta neno la kumhifadhi mwanamme.

Nikasema, "Anajitahidi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema kama ni hivyo kamati haitaweza, na akainua mkono kumwita anayefuata. Ndipo watu wakageuka kuangalia mlangoni.

Bi Zuwena alikuwa amesimama pale. Sijui alikuwepo tangu lini. Buibui lake limerowa mpaka magotini, na Mama Furaha kamshika kiwiko. Ngazi za kwetu hajazishuka tangu Idi kwa sababu ya magoti. Watu waliinuka kumpisha akae, akakataa. Akatoa salamu, darasa zima likaitikia. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayoniagizia chumvi:

"Mimi ndiye mamake Nassor. Nassor haleti kitu. Kaoa mke mwengine huko Maskati na kishazaa naye, na sisi katusahau. Mjukuu wangu ana njaa. Naomba apewe uji."

Sijawahi kulisikia neno lile, naomba, kinywani mwake.

Hakucheka mtu. Mwenyekiti aliangalia chini, kisha akauliza kama yuko mwenye pingamizi. Hakuwepo. Sheha, aliyekaa mbele kabisa, alimwinamishia kichwa Bi Zuwena. Na hivyo ndivyo Raya alivyopata uji wa skuli.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Watu wakinipa pole na hongera kwa pamoja, na mimi sikusikia ila maneno matatu. Kaoa mke mwengine.

Aliyekuwa anafuata baada yangu alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Aliambiwa nafasi imeshajaa, asubiri muhula ujao. Akasema haya, akakaa. Sikuweza kumtazama uso. Niliiona miguu yake tu, ina tope mpaka kwenye vifundo, alikuwa ametoka mbali.

Tulirudi nyumbani na mvua yetu. Mama Furaha alitufikisha chini ya ngazi, akatuacha. Kabla hajaondoka nilimuuliza pembeni alimwambia nini mama mkwe wangu. Akasema alimwambia mtoto analala darasani kwa njaa, na kwamba mimi nimekwenda kumwombea. Bi Zuwena akaomba buibui lake.

Tulipanda taratibu, tukipumzika kila ghorofa. Alipofika alikaa kitandani na nguo zake mbichi. Nikamuuliza, "Tangu lini, mama?"

Akanambia tangu mwaka juzi, alipokuja mtoto wa ndugu yake kutoka Maskati. Alimnong'oneza habari hiyo chumbani, wakati mimi nnampikia chai mgeni huyo huyo. Na mama akamwapisha asinambie.

Nikamuuliza kwa nini. Akakamua pindo la buibui lake, maji yakatona sakafuni.

"Niliogopa utamchukua mtoto uende kwenu. Mimi ningebaki na nani?"

Kwetu ni Paje. Mama yangu yuko huko, analima mwani pwani. Pengine kweli ningekwenda. Pengine nisingekwenda. Sasa sitajua, kwa sababu yeye aliamua kwa niaba yangu. Idi zote hizo alikuwa akiniona nnamvisha Raya nguo mpya mapema, baba yake asije akapiga simu akamkuta hajavaa. Alikuwa akiniona, na akinambia kaza vishikizo vya mtoto.

Nilitaka kumkasirikia, na hasira ilikuwepo, ya kutosha watu wawili. Lakini mbele yangu alikuwa bibi kizee anatetemeka kwa baridi. Nilimvua buibui, nikampa kanga kavu, nikamsugua miguu kwa mafuta ya nazi.

Jana Raya alikula. Leo pia. Amerudi anasimulia kwamba uji una sukari, kwamba wanaomba dua kwanza, kwamba Furaha anamwekea nafasi pembeni yake. Mwalimu kamsomesha mbele ya wenzake na kasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Raya akaniuliza kama Bibi naye hawezi kwenda, kwa sababu sufuria ni kubwa.

Bibi yake alikuwa amelala, uso kauelekeza ukutani. Tangu Jumanne hajatia tumboni ila chai. Hatoki hata kwenye ujia, kwa kuwa jumba zima limeshajua. Asubuhi nilipompelekea maji ya kutawadha alinambia, "Mwanangu wa kumzaa nimemwanika mbele za watu." Nilitaka kumwambia Nassor kajianika mwenyewe, lakini kwa mama hayo si maneno.

Watu wameshaanza kunishauri. Kuna anayenambia niende kwa kadhi nikadai talaka yangu. Kuna anayenambia nisubiri, wanamme hurudi. Habari itafika Paje kabla ya wiki kwisha, na mama yangu ataniambia nirudi nyumbani.

Nikirudi Paje, Raya ataipoteza nafasi hii, maana uji hutolewa kwa mtoto wa shehia hii. Kule nitaanza upya: kwa sheha nisiyemjua, kwa kamati, mkutanoni, nisimame tena nieleze. Na mama mkwe wangu nani atampandishia ndoo ya maji? Nikibaki, nabaki kama nani? Mke wa nani? Mkwe wa nani? Nimekaa hapa tangu mchana nikijiuliza, na kila nikijibu naona bakuli la mtoto limekaa katikati ya jibu.

Wala yule mwanamke wa tope miguuni hanitoki. Sijui hata jina lake. Nafasi ile ilikuwa karibu iwe yake.

Kesho Ijumaa ni zamu yangu ya kupika. Nitashuka na kuni kichwani kabla watoto hawajafika. Kuni zenyewe zimerowa, nimezitandaza sakafuni jikoni na sijui kama zitakauka.

Mchana, kabla ya kuja kazini, nilimwambia Bi Zuwena kwamba kesho nnapika mimi, na kama magoti yatamruhusu aje akae nami. Nilivaa buibui langu, nikachukua mwamvuli. Nilipofika mlangoni nikamsikia, bado kaelekea ukutani:

"Usiuache ukashika chini. Uji wa watu wengi unataka mkono usiopumzika."

Sijui kama nimemsamehe. Nilisimama pale mlangoni, nikamwambia, "Naam, mama," nikatoka.