Viti Vyenye Hakuna Mutu Aliiba

MAELEZO YA SHAHIDI. Yameandikwa Beni, lundi tarehe 16 mwezi wa kumi 2023, kuanzia saa 13:20, mbele ya OPJ Laurent, ofisa wa polisi mwenye kuchunguza makosa.

Jina: Kavugho Florentine. Miaka: 41. Kazi: kusafisha na kutengeneza viti vya ngozi vya magari, miaka kumi na moja, atelier, karakana yangu mwenyewe. Makao: Vulamba, Butembo.

Ninaanza na hii: ni mara ya pili ninapanda moto, ile pikipiki, kutoka Butembo juu ya maneno haya. Jana nilifika hapa saa 9:30, wakaniambia OPJ iko kwenye misa. Kilometre 54 kuja, 54 kurudi. Leo ninasema yote mara moja.

Mnamo tarehe 10 mwezi huu, saa 8:15, Mumbere Éphraïm aliniletea jeep kwenye atelier. Mumbere ni chauffeur, dereva wa Monsieur Bertrand, mutu wa Kasaï, mukubwa wa bureau moja ya Serikali hapa Beni. Monsieur Bertrand alikuwa mission ya kazi Kinshasa. Mwenye kutuma gari ni muke wake, Madame Mélanie. Alikuwa amenipigia simu: “Maman Florentine, kila nikishuka mu jeep, nguo yangu, robe nyeupe, iko na rangi kwa nyuma. Bamama ba kanisa banaanza kunicheka. Unisaidie.”

Nilipitisha kitambaa nyeupe juu ya kiti cha mbele. Kikatoka brun kama kahawa. Nikanusa. Cirage. Cirage ya viatu!

Nikamuuliza Mumbere: “Weye, nani alikutuma kupaka biti bya ngozi cirage?”

Akajibu: “Ni patron, Maman. Alisema ngozi ni ngozi. Kila juma, siku ya samedi, ninapaka. Boîte moja, kopo nzima, kwa mwezi, miaka tatu.”

Boîte makumi tatu na sita. Chini ya cirage kulikuwa vumbi ya mwenye gari wa kwanza, maana patron aliinunua ikiwa chafu tayari. Donc, Monsieur Bertrand hakuonaka rangi ya viti vyake hata siku moja.

Nilifanya kazi siku mbili na nusu. Brosse laini, sabuni kidogo, maji ya vuguvugu, alcool pale cirage iligoma. Vitambaa kumi na saba. Nilikausha kivulini, maana jua inapasua ngozi. Kiti cha chauffeur kilikuwa kimepasuka sentimetre nane, nikakishona. Mwisho nikapaka lait ya ngozi, mafuta ya kuilainisha. Viti vikatoka beige kama muchanga, rangi vilivyotoka nayo kiwandani.

Katika kazi yangu, kila gari ninaachaka kipande kimoja hapana kusafisha, vidole vine tu, nyuma ya kiti kwa chini. Mwenye gari akiuliza, ninamuonyesha: hivi ilikuwa, hivi iko. Ninakiitaka témoin, shahidi. Nilikiacha na kwa jeep hii. Mumbere akachukua gari jeudi tarehe 12, saa 15:00.

Samedi tarehe 14 asubuhi, Madame Mélanie ameniambia, Monsieur Bertrand alirudi, akafungua mulango ya jeep, akapiga kelele kwamba Mumbere ameuzisha viti vyake vya ngozi Butembo na kuweka vya plastic. Madame Mélanie alimuelezea. Akamujibu kwamba hata yeye wamemudanganya. Saa 10:00 Mumbere akaingia cachot, mahabusu ya polisi hapa.

Leo nilipofika niliomba OPJ atazame témoin. Tukainama nyuma ya kiti cha jeep, hapa kwenye kiwanja ya polisi, mimi, OPJ, Monsieur Bertrand na polisi mbili. Beige. Safi kabisa! Nikaenda kwenye dirisha ya cachot: “Mumbere, kile kipande kiko wapi?”

Akasema, na furaha: “Ah, Maman, niliona umesahau pale kidogo. Nilisimama Maboya, njiani, nikasafisha na mouchoir, leso yangu. Sikutaka patron akuseme vibaya.”

Nilikaa chini. OPJ mwenyewe aliniona.

Kisha OPJ akatoa briquet, kiberiti cha gesi, akisema ngozi ya kweli haiungue. Nilimushika mukono asichome kiti. Kama nimekosa, iandikwe pia.

Nikaomba wasukume kiti cha mbele mpaka mwisho. Pembeni, pale kinapogusana na accoudoir ya kuwekea kiwiko, cirage iliingia ndani, mais brosse yangu haikufika wala mouchoir ya Mumbere. Nikaweka alcool kwa kipande cha kitambaa, nikasugua mbele ya Monsieur Bertrand. Brun ikatoka, beige ikaonekana. Nikamupa kitambaa anuse.

Akanusa. Kisha akasema: “Donc, miaka tatu nilikuwa ninakaa juu ya cirage?”

Nikamujibu: “Ndiyo patron. Kama kiatu.”

Polisi mbili wakacheka, na hapo niliharibu. Monsieur Bertrand alikuwa karibu kukubali. Akakasirika, akaniambia: “Nirudishie rangi yangu.” Anajua viti ni vyake, mais hataki kuandika hivyo, maana akiandika, bureau yote itajua alipaka jeep cirage.

Sheria inasema mutu akae cachot masaa 48 tu. Yaliisha leo saa 10:00. Mumbere hakuiba kitu. Kosa lake ni kufanya usafi kupita mimi.

Hayo njo nilishika na mikono yangu na kunusa na pua yangu. Sina ya kuongeza wala ya kupunguza.

Sahihi: Kavugho Florentine

Nota ya OPJ: Nilimaliza kuandika saa 14:35. Nilimusomea shahidi, akakubali kila neno, mais akakataa kutia sahihi kabla Mumbere hajatoka. Alikaa juu ya banc, kalamu mukononi, na bila sahihi yake hata jeep haitoke kwa polisi. Saa 16:05 Monsieur Bertrand aliandika kwamba viti ni vyake. Saa 16:10 Mumbere alitoka, saa 16:12 shahidi akatia sahihi. Monsieur Bertrand alimupa Mumbere ufunguo wa jeep amurudishe yeye patron nyumbani. Mumbere aliuweka juu ya meza yangu, akapanda moto pamoja na shahidi, wakaelekea Butembo.