Jina Chini ya Sufuria

Lindi mjini

Dada Mwajuma,

Saida hayupo. Hakuna msichana anayeitwa Saida hapa, au kama yupo mimi simjui. Yale yote niliyomsimulia Mama kwenye simu, kwamba Saida ananisuka, kwamba tunakwenda sokoni pamoja, kwamba akicheka anakaa chini, niliyatunga. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nakwambia wewe tu.

Shikamoo, dada. Nisamehe kwa kutanguliza hayo kabla ya salamu. Niliogopa nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Hujambo? Mtoto ameshaota meno? Mguu wa Baba unaendeleaje? Mvua imefika huko kwetu au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili wangu mzima, nashukuru Mungu. Nakula vizuri. Hilo ni kweli.

Ninaandika kwenye karatasi kwa sababu simu ni ya Mama, na Mama akipokea huweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Unakumbuka Baba alivyosema nilipoomba nije huku kusubiri matokeo ya kidato cha nne: "Mtoto huyu hata kuku hamfukuzi kwa sauti, ataishije na watu? Nikisikia anakaa peke yake kama mkiwa, arudi." Basi Mama akaniuliza, "Umepata mwenzio wa kuzungumza naye?" Nikamsikia Baba anakohoa pale pale karibu ya simu.

Nilikuwa uani, nyuma ya mgahawa, sufuria la wali nimelilaza kifudifudi magotini. Masufuria ya huku huchorwa jina chini kwa msumari, ili yakiazimwa shughulini yajulikane ni ya nani. Masizi yalikuwa yameanza kutoka na jina likawa linaonekana: SAIDA. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Anaitwa Saida."

Mwenye jina simjui. Labda ndiye aliyemuuzia Mama Hadija sufuria hilo zamani. Mama Hadija unamjua, ndugu yake Baba mwenye mgahawa, si mtu mbaya, ila ana haraka na kila kitu.

Kazi yangu ni masufuria tu. Zena na mwenzake wanahudumia wateja mbele, mimi niko uani naelekea ukuta. Wakileta chombo wanakiweka chini na kusema, "Kipatimu, lingine hilo!" Ndilo jina langu huku, Kipatimu, jina la kwetu nilikotoka. Nadhani lile la kwangu hawalijui. Wali wa hapa ni wa nazi, unapaliwa makaa juu ya mfuniko, na ukoko wake unashika kama lami. Namwagia maji ya moto na majivu, naliacha sufuria litulie, kisha nasugua kwa makumbi ya nazi na mchanga. Maharage yaliyoungua ndiyo magumu kuliko yote. Ningekuwa na yale majani ya msasa ya nyuma ya nyumba yetu, ningemaliza mapema. Huku sijauona msasa.

Sufuria la Saida huwa naliacha la mwisho. Nikifika kwenye jina nazungumza nalo kidogo, kwa Kimatumbi, kwa sauti ya chini. Usinicheke, dada. Kuna siku hayo ndiyo maneno yangu yote ya siku hiyo.

Halafu ukaja mzigo kutoka nyumbani. Kondakta akaniita stendi, nikapewa mifuko miwili ya karanga. Mmoja umeandikwa jina langu, mwingine umeandikwa Saida, kwa mwandiko wako, na ile S yako yenye mkia. Najua ni Mama aliyekwambia uandike. Nilisimama pale stendi mpaka watu wakaanza kunizunguka kupita. Mfuko wangu niliula. Ule wa Saida niliuweka kichwani pa godoro, sikuufungua. Sikujua nimpe nani.

Sasa nikueleze lililotokea.

Bi Somoe ndiye mchoma vitumbua wetu, mama mtu mzima mwenyeji wa Mchinga. Kila alfajiri namwamkia, "Shikamoo," ananijibu, "Marahaba," na hapo tumemaliza. Chuma chake cha kuchomea hukitundika ukutani kwenye msumari. Ni chuma kizito chenye vishimo, cheusi tii, na mimi sikuwahi kumwona mtu akikiosha. Kwetu nani anachoma vitumbua? Sisi ni mihogo na ugali. Nikajisemea, maskini, chombo hiki kimesahauliwa na kila mtu. Ningeweza kuuliza. Lakini kuuliza, wewe unanijua. Maneno yanafika kooni yanarudi.

Nikakitungua. Nilikisugua jioni nzima kwa stili waya, mchanga na majivu, shimo moja moja, mpaka kikang'aa kama kimetoka dukani. Nikakitundika na nikaenda kulala nikiwa na furaha. Nilitegemea kesho yake mtu atasema, nani kafanya kazi nzuri hivi?

Asubuhi Bi Somoe akamimina unga. Vyote vikashika. Alivyokuwa anavichokoa kwa kijiti vinakatika, ganda linabaki chini, vingine vinaungua. Wateja wamejaa, chai imeshamiminwa.

"Bi Somoe," dereva mmoja akasema, "leo unauza vitumbua au chicha la nazi?"

"Kula na unyamaze," akamjibu. Kisha akakiinua chuma na kukigeuza kwenye mwanga. "Nani kagusa chuma changu?"

Nikainua mkono, kama darasani.

Zena alicheka mpaka akashika mlango. Bi Somoe hakucheka. "Mwanangu," akasema, "ulikuwa unatafuta nini humo ndani? Huko kwenu mnaosha mpaka mafiga?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Chuma hakioshwi. Kinafutwa kwa kitambaa, basi. Ule weusi ndio unaofanya kitumbua kiachie."

Mama Hadija ndiye aliyekasirika hasa. "Si angeuliza!" akasema. "Anaishi na watu kama bubu. Ijumaa nampigia mama yake, akaone kama anamtaka."

Mchana ule Bi Somoe akaniweka mbele ya mkaa na chupa ya mafuta. Unapaka, unakiacha kitoe moshi, kinapoa, unapaka tena. Alikaa kwenye mbuzi ya nazi kando yangu, anakuna. Baadaye nikajikaza nikauliza, "Bi Somoe, kitarudi lini kama zamani?" Akasema, "Kwa mafuta peke yake hakirudi. Mpaka kipikiwe, kipikiwe tena." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote tangu nifike Lindi.

Ijumaa ikafika. Mama Hadija akapiga simu pale pale jikoni, naye sauti kubwa. Nafikiri ulikuwa kwa mumeo, hukusikia. Akaeleza yote. Mama akawa anasema, "Nisamehe, wifi, nisamehe, kwetu hatuna chombo hicho." Kisha akasema, "Lakini mbona Saida hakumwelekeza?"

"Saida yupi?" Mama Hadija akauliza.

Dada, nilimsikia Baba akikohoa. Nilikuwa nimeshika lile sufuria, jina linatazama juu. Niliona nimekwisha. Niliona nateremka basi pale Njia Nne, njiapanda ya kuja kwetu, na mfuko wangu, na Baba hata hasemi kitu, ananipokea tu.

Bi Somoe hakuinuka kwenye mbuzi yake. Alilitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kufika kwenye simu, "Saida si huyu wetu wa jikoni! Hajambo, mama. Siku ile hakuwepo, ndiyo maana mtoto akakosea."

Mama Hadija alimkodolea macho. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu. "Haya," akasema. "Basi, wifi. Akae. Ila aulize."

Simu ilipokatika Bi Somoe akaniambia, "Lisugue vizuri sufuria la rafiki yako. Bado lina masizi pembeni." Nikaenda chumbani nikachukua mfuko wa karanga, nikauweka karibu na mguu wake. Akasoma jina. Akaufunga kwenye pindo la khanga yake na akaendelea kukuna nazi.

Usidhani sasa nina rafiki. Kesho yake nilimwamkia, akajibu "Marahaba," tukanyamaza kama kawaida. Jioni yeye huenda kwake, Zena na mwenzake hutoka pamoja, mimi nabaki uani na masufuria yaliyopangwa kifudifudi yakichuruzika maji. Chuma nacho hakijawa sawa. Vishimo viwili vya pembeni bado vinashika. Vitumbua vya vishimo hivyo, vilivyokatika, Bi Somoe hunisogezea kwenye kisahani, nami hula nikiwa nimeelekea ukuta.

Nisalimie Bibi, na umwambie dawa yake ya kifua ninayo bado. Nisalimie shemeji, mwalimu wetu wa madrasa, na yule mama jirani anayetuazima kinu. Mbusu mtoto kwenye kisogo.

Na hili la Saida, dada, lisitoke kwako. Asijue Mama, na Baba ndiyo kabisa. Najua Mama akimaliza kuswali hutuombea kwa majina, na sasa atakuwa anamtaja na yeye. Akifika kwa Saida usicheke, wala usiinamishe macho. Itikia amina.

Mdogo wako,
Rehema