Sentensi Niliyopanda Nayo Lori

Jumatano, Mikumi. Mvua ya asubuhi imekatika. Malori ya Iringa yanarusha matope hadi kibarazani kwangu. Nimeamka na wivu, kama mtu anavyoamka na maumivu ya jino.

Nimeiacha simu ya Dada Eliza iite mpaka ikakatika. Mara mbili. Yeye ndiye mkubwa, hivyo ni mimi wa kuamkia, na leo sitaki kumpa shikamoo.

Enzi za vijiji vya ujamaa, sisi wa mlimani, juu ya Munisagara, tulipakiwa kwenye lori tukashushwa bondeni Tindiga. Kaburi la mama tuliliacha kule juu. Dada hakuguswa; mumewe alikuwa mtu wa reli, na hao hawakuhamishwa. Baadaye shamba la wazazi nalo likawa lake. Nilikuwa bado msichana mdogo. Mle kwenye lori nilijiambia: Yeye amebaki, mimi nimetupwa.

Nimejiambia hivyo nikipalilia mpunga, nikibembeleza watoto, hata kanisani watu wakiungama, na hata nilipohamia hapa Mikumi.

Nimesoma kwamba neno unalolirudiarudia moyoni huchimba njia ndani ya ubongo, na kila likipita njia hupanuka. Naamini. Nikiukumbuka tu mlima, sentensi ile imeshafika, chakula hakina ladha.

Mara ya tatu nimepokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nilidhani tembo wa huko kwenu wamekukanyaga! Sikiliza, Jumapili njoo. Magoti yangu yameanza kuukataa mlima. Nataka nikukabidhi njia ya kaburini kwa mama."

"Si ilishakufa ile njia?"

"Ife na mimi nipo? Kila masika naifyeka. Nikifika pale nakusengenya kwa mama. Namwambia, mwenzangu huko bondeni kapata shule, anasoma vitabu vinene, mimi umeniachia nyani. Wivu utaniua, mdogo wangu!"

Akacheka.

Kumbe naye alikuwa na sentensi yake.

Nakiri: hata baada ya kukata simu nimemwonea wivu tena, safari hii kwa hizo masika zote alizokaa na mama peke yake. Wivu hauna haya.

Lakini mimi ni mtoto wa mlimani. Najua njia inavyokufa. Haipigwi wala haifukuzwi. Watu huacha kuipita, majani yanafanya yaliyobaki.

Jumapili napanda na panga langu, nikapokee njia ya mama. Na ile nyingine, ya kichwani mwangu, je, nitaweza kuiacha iote majani?